Maradhi ya Nyonga Yaliyokuwa ya Mshipa: Historia ya Tiba ya Sayatika

Yako maumivu yaanzayo kiunoni au takoni, yakashuka nyuma ya paja, yakapita katika shavu la mguu, na mara nyingine yakafika wayoni hata kwenye vidole. Mwenye nayo hushindwa kuketi, na akiisha kuketi hushindwa kuinuka. Akikohoa au kupiga chafya huona kama moto umepita mguuni. Katika lugha za Ulaya maradhi haya huitwa sayatika, na jina hilo ni la kale sana kuliko ujuzi wa chanzo chake. Wayunani waliuita mfupa wa nyonga *iskhion*, na maumivu ya mahali hapo wakayaita *iskhias*. Warumi walilipokea neno hilo, na katika Kilatini cha zama za baadaye likapoteza irabu yake ya kwanza, likawa *sciatica*.

Kwa hiyo jina lasema nyonga, ilhali maradhi yenyewe, kwa wagonjwa walio wengi, hayamo nyongani hata kidogo. Na hapo ndipo palipo na funzo la historia hii. Kila zama zilitibu mahali zilipopataja. Walioyaita maradhi ya nyonga waliichoma nyonga. Walioyaita maradhi ya neva waliishika neva na kuivuta. Walioyaita maradhi ya diski waliikata diski. Ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya tiba kumrudia mtu mwenyewe, namna anavyokaa, anavyoinama na anavyotembea.

*Nyonga na mshipa katika uganga wa kale*

Maandiko ya Kiyunani yanayohusishwa na Hippocrates yanayataja maumivu ya nyonga, nayo hayatenganishi maumivu ya kiungo chenyewe na yale yashukayo mguuni. Dawa zake zilikuwa zile zilizotumika kwa maumivu mengi: kukanda kwa joto, kupiga chuku, na ikishindikana, kuchoma kwa chuma cha moto. Karne nyingi baadaye, Caelius Aurelianus, tabibu aliyetoka Numidia katika Afrika ya Kaskazini, alieleza sababu za maradhi haya kwa macho makali zaidi. Alitaja kuanguka, kuchimba ardhi kwa mtu asiyezoea, na kuinua kitu kizito kutoka chini. Mkulima au mpagazi yeyote atakayesikia maneno hayo leo hataona ajabu. Caelius alikuwa ameliona tendo liletalo maradhi, ingawa hakujua ni kitu gani kinachoumia ndani.

Waarabu waliyaita maradhi haya *irq an-nasa*. Neno *irq* katika Kiarabu hutumika kwa mshipa wa damu, na kwa mzizi pia, na *an-nasa* ni jina la mshipa huo ushukao kutoka nyongani mpaka mguuni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameyapa maradhi haya nafasi yake katika kitabu chake kikuu cha utibabu, Kanuni. Katika mkusanyo wa hadithi wa Ibn Majah imo tiba ya *irq an-nasa* kwa mafuta ya mkia wa kondoo, yanayoyeyushwa, yakagawanywa mafungu matatu, na kunywewa kwa siku tatu kabla ya kula kitu. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba Waarabu, kwa jina lao, walikwisha kutoka katika kiungo wakaingia katika mshipa. Walakini mshipa waliouwaza ulikuwa bado ni mshipa wa jumla, usiopambanuliwa kuwa ni wa damu au wa fahamu.

Wala si wao peke yao. Neno la Kiyunani *neuron*, lililozaa neno neva, hapo kwanza lilikuwa na maana ya kano na ya upote wa upinde. Ni matabibu wa Iskandaria, hasa Herophilus, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, waliopasua maiti wakaona kwamba baadhi ya nyuzi hizo nyeupe hazifungi mifupa wala hazivuti misuli, bali hutoka katika ubongo na uti wa mgongo, nazo ndizo zichukuazo hisi na mwendo. Jina halikubadilika, bali maana yake ikagawanyika. Mgawanyiko huo wa maana ndio mlango uliopitiwa na elimu yote iliyofuata.

*Cotugno wa Napoli*

Aliyeyahamisha maradhi haya kutoka nyongani ni Domenico Cotugno, Mtaliani aliyezaliwa mwaka 1736 katika mji mdogo wa Ruvo, akafanya kazi Napoli katika hospitali ya wagonjwa waliohesabiwa kuwa hawaponi. Mwaka 1764, alipokuwa hajatimiza miaka 30, alitoa kitabu cha Kilatini juu ya sayatika ya neva. Humo alipambanua namna mbili za maumivu: yale ya kiungo, yakaayo nyongani na yasiyosogea, na yale ya neva, yafuatayo njia. Hayo ya neva akayagawa tena mawili, ya mbele ya paja na ya nyuma. Ya nyuma ndiyo yashukayo mpaka mguuni kwa njia ile ile ya neva kubwa kupita zote mwilini, ambayo kwa unene hukaribia kidole cha mtu.

Hoja ya Cotugno ilikuwa nyepesi, nayo ilikuwa na nguvu kwa wepesi wake: maumivu yanafuata njia, na njia hiyo ni ya neva, basi kinachougua ni neva. Katika chanzo alikosea. Alidhani ya kwamba majimaji yamejaa katika ala ya neva, na kwa kuwa alidhani hivyo, dawa yake ilikuwa kuitoa maji neva hiyo kwa kupaka mguuni dawa za kuunguza ngozi mpaka itoke malengelenge. Wagonjwa wake waliteseka kwa ajili ya nadharia. Hata hivyo kwa muda mrefu maradhi yaliitwa kwa jina lake, na ilikuwa haki, kwani baada yake hapana tabibu mwenye elimu aliyeweza tena kusema nyonga bila kuulizwa ni ipi, ya kiungo au ya neva.

*Mguu ulionyoshwa*

Karne ya 19 ilitafuta alama itakayomwezesha tabibu kuitambua sayatika kwa mkono wake. Alama hiyo ni maarufu hata leo: mgonjwa hulala chali, mguu wake ukanyoshwa na kuinuliwa juu pasipo kukunja goti, maumivu yakiruka na kushuka mguuni, shaka juu ya neva huwa na msingi. Hospitalini alama hii huitwa kwa jina la Charles Lasègue wa Paris, aliyeandika juu ya sayatika mwaka 1864. Lakini Lasègue katika makala yake hakuieleza alama hiyo. Aliyeieleza ni mwanafunzi wake Forst, katika tasnifu ya mwaka 1881, naye akampa heshima mwalimu wake. Isitoshe, Forst alidhani ya kwamba maumivu hutokea kwa sababu misuli ya paja huibana neva.

Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1880, Laza Lazarević, tabibu wa Serbia ambaye kwa watu wa nchi yake ni mashuhuri zaidi kama mwandishi wa hadithi fupi, alikwisha kuieleza alama ile ile, tena kwa sababu iliyo sahihi: mguu ukiinuliwa umenyoka, neva huvutika, na neva iliyokereka haivumilii kuvutwa. Aliandika kwa Kiserbia, lugha ambayo wakubwa wa uganga wa Ulaya hawakuisoma. Na hata makala yake yalipotoka kwa Kijerumani mwaka 1884, jina la Paris lilikuwa limekwisha kushika. Wasomi wa lugha zisizosomwa mbali wataielewa hasara hiyo pasipo kuelezwa zaidi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1870 na 1880, waliojua kuwa maradhi ni ya neva walifanya kama jina lilivyowaongoza. Madaktari wa upasuaji walilifungua paja, wakaishika neva yenyewe kwa vidole na kuivuta, wakitumaini kuifungua. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, wengine walipooza mguu. Desturi hiyo ikaachwa.

*Zama za diski*

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo mna kisahani cha gegedu, kigumu pembeni na laini katikati, kiitwacho diski. Mwaka 1908 huko Berlin, daktari wa neva Hermann Oppenheim na mpasuaji Fedor Krause walimfanyia operesheni mgonjwa wa namna hii, wakatoa kinyama kilichokuwa kikiibana neva, naye akapata nafuu. Lakini walipokiangalia walikiita uvimbe wa gegedu. Walikuwa wameikamata diski mkononi wasiitambue, kwa kuwa katika msamiati wao hapakuwa na jina la jambo hilo.

Jina lilipatikana Boston, Marekani, katika Massachusetts General Hospital. William Jason Mixter, mpasuaji wa neva, na Joseph Seaton Barr, mtaalamu wa mifupa, walivichunguza tena vipande vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa jina la uvimbe, wakaona ya kuwa vingi havikuwa uvimbe bali ni diski zilizopasuka na kuchomoza. Mwaka 1934 walichapisha habari za wagonjwa 19. Chanzo kilichotafutwa tangu Wayunani kikawa kimeonekana: kiini cha diski hupenya ukingo wake, kikaukereka mzizi wa neva mahali unapotoka katika uti wa mgongo, na mguu ukauma ijapokuwa mguuni hapana jeraha lolote.

Ugunduzi huu ulikuwa wa kweli, na kwa ajili hiyo hatari yake ilikuwa kubwa zaidi. Kosa la Cotugno lilikuwa rahisi kuacha. Ukweli wa Boston ulikuwa vigumu kuuwekea mpaka. Kwa miaka mingi kila maumivu ya kiuno yalishukiwa diski, na kisu kikatumika kwa wengi ambao pengine wangepona pasipo kisu. Asiyepasuliwa aliagizwa kulala kitandani majuma kadhaa, mara nyingine juu ya mbao, kana kwamba mwili ni chungu kilichopata ufa ambacho hakifai kuguswa. Richard Asher, daktari wa London, aliandika mwaka 1947 kuonya juu ya madhara ya kulaza wagonjwa: misuli hukonda, damu huganda, na moyo wa mtu hufa. Sauti yake ilisikiwa polepole.

*Mikono na mazoezi*

Wakati matabibu wakibishana juu ya chanzo, palikuwa na watu wa daraja lingine, ambao kazi yao ilikuwa kuchua na kumwendesha mgonjwa. Huko Stockholm Pehr Henrik Ling alianzisha mwaka 1813 chuo cha kifalme cha mazoezi ya viungo, na mafunzo yake yakaenea Ulaya. Nchini Uingereza wauguzi wanne waliunda mwaka 1894 chama cha wachuaji waliofunzwa. Walifanya hivyo kwa sababu jina la uchuaji lilikuwa limechafuka, maana baadhi ya nyumba zilizojitangaza kuwa za kuchua zilikuwa za ukahaba. Kwa hiyo hapa napo vita vya kwanza vilikuwa vya jina. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na mwaka 1944 kikajiita chama cha fiziotherapia. Nchini Marekani chama cha kwanza cha kazi hiyo kilianzishwa mwaka 1921, Mary McMillan akiwa rais wake wa kwanza, baada ya wanawake wengi kuitumikia kazi hiyo kwa askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa muda mrefu fiziotherapia ilikuwa mtumishi wa daktari: aliyeagizwa joto alitia joto, aliyeagizwa kuvuta kiuno kwa mizani alivuta. James Cyriax wa hospitali ya St Thomas' mjini London, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1947, aliwafunza wataalamu hao kumpima mgonjwa kwa utaratibu, kila mwendo na maana yake, kabla ya kumgusa kwa tiba. Lakini badiliko kubwa lilitokea kwa bahati.

Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, Robin McKenzie alikuwa akimtibu mtu mwenye maumivu ya kiuno yaliyoshuka mpaka gotini. Majuma matatu ya joto na mashine hayakumsaidia. Siku hiyo McKenzie alimwambia aingie chumbani alale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwani kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia, na mtu huyo akalala vivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma kupita kiasi kilichohesabiwa salama siku zile. McKenzie aliporudi baada ya dakika chache alishtuka. Lakini mgonjwa akasema ya kwamba hajapata kuwa na hali njema namna hiyo tangu augue. Maumivu yalikuwa yametoka mguuni, yamerudi katikati ya kiuno.

McKenzie hakuyaita hayo muujiza. Aliyachunguza miaka mingi, na mwaka 1981 akayaeleza katika kitabu. Maumivu yakiacha mguu na kurudi kiunoni ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakizidi kushuka mguuni, mwendo huo uachwe. Kwa kanuni hiyo mgonjwa alipewa kipimo ambacho aliweza kukitumia nyumbani kwake mwenyewe. Uchunguzi wa baadaye haukuonyesha kwamba njia ya McKenzie yazishinda nyingine zote kwa kila mtu. Lakini ilileta jambo ambalo chuma cha moto, malengelenge na kisu havikupata kulileta: mgonjwa akawa mwenye kauli katika tiba yake. Huko Australia nako, Geoffrey Maitland na waliomfuata, kama David Butler katika kitabu chake cha mwaka 1991, waliirudia neva yenyewe. Safari hii hawakuivuta kwa vidole ndani ya paja lililopasuliwa, bali waliitelezesha taratibu ndani ya njia yake kwa kukunja na kunyosha goti, kifundo na shingo.

*Hesabu ya matokeo*

Mwisho wa karne ya 20 desturi hizi ziliwekwa katika mizani. Huko Oslo, Henrik Weber alitoa mwaka 1983 habari za wagonjwa 126 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa na wengine wasipasuliwe. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora. Baada ya miaka minne tofauti haikuwa kubwa tena, na baada ya miaka kumi haikuonekana. Mwaka 1999 Waholanzi walitoa habari za wagonjwa 183. Walioagizwa kulala kitandani majuma mawili, asilimia 70 walipata nafuu katika muda huo. Walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wawezavyo, asilimia 65, tofauti isiyotosha kuthibitisha neno. Baada ya majuma 12 pande zote mbili zilikuwa asilimia 87. Kitanda hakikuwa dawa. Mwaka 2007 Waholanzi tena walionyesha kwa wagonjwa 283 kwamba operesheni ya mapema huondoa maumivu ya mguu kwa haraka zaidi, lakini mwaka ukiisha pande zote mbili hufikia asilimia 95 ya waliopona. Katika wale walioambiwa wangoje, asilimia 39 hatimaye walipasuliwa.

Picha za siku hizi zimeeleza kwa nini subira ina faida: kipande cha diski kilichochomoza mara nyingi husinyaa chenyewe kwa miezi. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2016 ukakusanya hekima hiyo. Ulisema mgonjwa aelezwe, atiwe moyo aendelee na kazi zake, apewe mazoezi; na ukaondoa katika orodha kuvuta kiuno kwa mizani, mikanda ya kiuno na mashine za mawimbi ya sauti. Mambo mengi yaliyofanywa kwa bidii katika vyumba vya fiziotherapia yakapitishiwa kalamu, na kilichobaki ni maneno na mwendo. Mazoezi nayo hayaponyi kwa siku moja. Humwezesha mtu kuishi na kufanya kazi wakati mwili ukijiponya, na huo si msaada mdogo.

*Neno mshipa*

Msemaji wa Kiswahili apatwapo na maradhi haya husema "mshipa". Neno hilo ni kongwe na pana: ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni kano, tena "ugonjwa wa mshipa" kwa wengi ni ngiri au busha. Kwa upana huo Kiswahili kiko pale pale ilipokuwa Kiyunani kabla ya Herophilus, na Kiarabu katika neno *irq*. Si aibu, maana lugha zote zimepita hapo. Lakini mfiziotherapia aliyefunzwa Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea katika neno hilo moja mashtaka manne mbalimbali, na kazi yake ya kwanza ni kupambanua maana kama alivyofanya Cotugno: wapi yanaanza, wapi yanapita, wapi yanakoma.

Na liko swali moja ambalo kulikosa ni hatari. Chini ya uti wa mgongo neva hushuka zikiwa fungu, ambalo Walatini waliliita mkia wa farasi. Diski kubwa ikilibana fungu hilo lote, mtu hufa ganzi mahali pa mwili anapokalia, mkojo hukataa kutoka au hutoka pasipo hiari, na miguu yote miwili hulegea. Hapo hapana kuchua, hapana mazoezi, hapana kungoja. Ni operesheni ya haraka, kwani kukawia huweza kumwacha mtu na ulemavu wa maisha. Lakini dalili hizo zimo katika sehemu ambazo adabu ya Kiswahili huzisitiri. Mzee hatamwambia kijana wa hospitali habari za haja ndogo asipoulizwa, na akiulizwa kwa neno la kigeni atajibu hapana. Akiulizwa, "Baba, ukikaa unakihisi kiti? Haja ndogo inatoka kama siku zote?" atajibu kweli.

Wayunani walikosa jina wakaichoma nyonga. Oppenheim na Krause walikosa jina wakaita diski uvimbe. Elimu ya uti wa mgongo imekwisha kupatikana, na mazoezi yake hayahitaji mashine ya gharama. Kinachosalia kwa wasemaji wa Kiswahili ni maneno yaliyo wazi na ya heshima, ambayo kwayo mgonjwa ataweza kuisema mishipa yake mmoja mmoja, na tabibu kumsikia.